Prosopis ni Mathenge, Pasta

Saa tatu asubuhi mashine ya posho ya jirani inaanza kunguruma, na Longor Asekon anaacha kutumia masikio. Analaza kipande cha mathenge juu ya tairi kuukuu la lori, anainama, anagusisha meno yake ya juu kwenye ncha moja ya mbao, kisha anagonga ncha ya pili kwa nyundo ndogo. Anafumba macho. Anagonga tena.

Meno mawili ya mbele ya chini hana. Yaling'olewa alipokuwa mtoto, kwa desturi ya Waturkana, na pengo hilo huishika mbao isiteleze.

"Mashine inamaliza sauti ya nje," anasema. "Ile ya ndani ya mfupa haiwezi."

Kipande kilichoitikia vizuri anakitupa kushoto. Kilichotoa sauti butu anakitupa kulia. Rundo la kushoto ni la kutengenezea shingo za magitaa ya besi. La kulia ni la makaa. Karakana yake ya mabati, nyuma ya soko la Kakuma mjini, haina nafasi ya rundo la tatu. Jua linapopanda, rundo la kulia linamfika kiunoni. La kushoto lina vipande viwili.

Mkewe, Nakal, anaingia na gunia tupu begani. Anaokota kimoja cha vile viwili.

"Hii inaimba?" anauliza.

"Inaimba."

"Basi ikaimbie jikoni." Anakitumbukiza kwenye gunia pamoja na vya upande wa kulia. Longor anamtazama, lakini hakitoi.

Miezi michache iliyopita Nakal asingegusa rundo hilo. Wakati huo fundi huyu mwenye umri wa miaka 39 alikuwa na ahadi mkononi. Kanisa moja la Lodwar, lenye matawi sehemu nyingi za Turkana, lilikuwa limemwagiza gitaa moja la besi, na mchungaji wake alikuwa ametamka kwamba likifaa, kila tawi litatengenezewa lake. Longor angeachana na makaa. Gitaa lilifaa. Kilichomrudisha kwenye makaa ni jina la mti.

Longor alizaliwa Lokiriama, karibu na mpaka wa Uganda, akachunga mbuzi wa baba yake mpaka ukame ulipowamaliza. Alifika Kakuma akiwa kijana, akaajiriwa kupiga randa katika karakana za vitanda na milango. Mathenge alikutana nao huko.

"Kwetu nilipokuwa mdogo hiyo mti haikuwako," anasema. "Niliona hapa, kando ya Tarach. Watu wanailaani, mimi naipasua."

Laana hizo zina sababu. Mti huu uliletwa Turkana miaka ya themanini ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Uliota kuliko ulivyotarajiwa. Umejaa kandokando ya mito ya Turkwel na Tarach, umefunga njia za mifugo kwenda majini, na miiba yake hutoboa hata tairi. Maganda yake ni matamu. Mbuzi huyapenda, sukari huoza kwenye fizi zao, meno hudondoka, na mbuzi asiye na meno hufa kwa njaa akiwa amesimama katikati ya malisho.

Mti huu una majina matatu. Maofisini, ambako shughuli nyingi huendeshwa kwa Kiingereza, huitwa prosopis. Sokoni na redioni ni mathenge. Wafugaji wa Kiturkana wanauita etirae, na wengi wao hulitamka jina hilo kama wanavyotamka jina la ugonjwa.

Longor hakuuchagua kwa kuupenda. Aliuchagua kwa sababu ya hewa ya Turkana.

Gitaa linalotoka Nairobi au ng'ambo hufika Lodwar likiwa limezoea unyevu. Likikaa msimu mmoja katika joto hili kavu, ubao wa shingo husinyaa, lakini freti, yaani vijiti vya chuma vinavyoukatiza ubao huo, havisinyai. Ncha zake hutokeza pembeni na kuchana vidole vya mpigaji. Wateja wa Longor wana namna yao ya kulieleza tatizo hilo: husema besi yao imeota meno.

Mbao ya mathenge ni nzito, ngumu, na inapokauka husinyaa kidogo sana ikilinganishwa na mbao nyingi. Shida yake ni umbo. Shina lake ni fupi na limepinda, na ni nadra kupata ubao ulionyooka wa kutosha shingo nzima. Kwa hiyo Longor hupasua vipande vyembamba, huvianika juu ya dari kwa karibu mwaka mzima, kisha huvigundisha vitano kwa pamoja, kila kimoja nyuzi zake za mbao zikiwa zimegeukia upande tofauti na za mwenzake, ili kimoja kikitaka kupinda kingine kikizuie. Katikati hupitisha fimbo ya chuma inayoweza kukazwa.

"Shingo laini inaiba," anaeleza. "Wewe unapiga waya, nguvu inaingia kwa shingo, shingo inatingishika, waya inakosa. Shingo ngumu inaachia waya nguvu yake."

Maelezo hayo yanalingana na yale yanayojulikana kuhusu ala hii. Waya wa gitaa la besi ni mrefu na mzito, na unapotetemeka huitikisa shingo nayo. Kila shingo ina mitetemo yake yenyewe. Noti ikiangukia kwenye mtetemo huo, shingo huinyonya, na noti hufifia kabla ya wakati wake. Mara nyingi hutokea kwenye waya mwembamba zaidi, kati ya freti ya tano na ya saba. Wapigaji huiita noti mfu, na kuongeza sauti ya amplifaya hakuifufui.

Mwili wa gitaa Longor huuchonga kwa mwarubaini, ambao hupandwa kwa ajili ya kivuli karibu kila boma la Kakuma na Lodwar. Kipande kidogo kinachoshikilia nyaya upande wa kichwa hukikata kwenye mfupa wa ngamia, kwa sababu plastiki humeza mlio wa waya unaopigwa bila kubanwa kwa kidole. Daraja la upande wa pili hulichonga kwa shaba ya bomba za zamani. Pikapu, ambazo kwa mpiga gitaa si magari bali ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, huzisuka kwa cherehani aliyoing'oa sindano. Akizungusha waya mara nyingi zaidi, sauti inakuwa nene na yenye nguvu, lakini ung'avu unapungua. Akiiweka pikapu karibu na daraja, sauti inakuwa kavu na yenye makali; akiisogeza kuelekea shingoni, inajaa.

Kuhusu mbao ya mwili, jambo hilo hubishaniwa. Wapo mafundi wanaoapa kwamba mwili ndio roho ya gitaa. Wapo waliopima kwa vyombo na kuona tofauti ndogo sana, wakasema nyaya, pikapu na shingo ndizo zinazotawala. Longor yuko na hawa wa pili, ingawa hajapima chochote.

"Mwili ni kiti," anasema. "Kiti mbovu itakuangusha. Lakini kiti haiimbi."

Hapo anakatizwa na Byamungu, mpiga besi aliyekimbia kutoka Bukavu na ambaye sasa anaishi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Ndiye aliyemletea Longor gitaa la kwanza kulirekebisha, likiwa na shingo iliyovunjika, na ndiye aliyemfundisha kusikiliza.

"Anadanganya huyu," anasema Byamungu huku akicheka. "Mi nilipiga ile ya mwarubaini, nikapiga ile ya mbao ya sanduku. Haziko sawa hata kidogo. Fundi, masikio yako iko mu meno."

"Na yako iko kwa tumbo," anajibu Longor. "Ukishiba kila besi ni nzuri."

"Basi kila besi ya hapa ni mbaya, juu sishibaka."

Mpaka sasa Longor ametengeneza magitaa saba ya besi. Sita yako kambini, katika makanisa ya Wakongo na kwenye bendi moja ya harusi. La saba ndilo lililokwenda Lodwar.

Mchungaji wa kanisa lile la Lodwar, Lokwang, alilisikia moja ya magitaa hayo alipoalikwa kuhubiri Kakuma. Besi ya kanisa lake ilikuwa ya ng'ambo, ya bei rahisi. Ilikuwa imeota meno, na pikapu zake zilikuwa zimekufa. Aliomba namba ya fundi.

Mazungumzo yao ya simu, ambayo pande zote mbili zinayasimulia kwa maneno karibu yaleyale, hayakuwa marefu.

"Ejok, fundi. Ile shingo ngumu ya kwenu huko ni mbao gani?"

"Prosopis."

"Prosopis. Hiyo ni ya wapi?"

"Asili yake Amerika."

"Amerika! Basi tengeneza hiyo hiyo. Usiniwekee hizi za hapa."

Hakuna neno la uongo katika majibu ya Longor. Jina la prosopis alilisikia kwenye mafunzo ya wiki mbili ya kutengeneza samani kwa mti huo, ambako mwalimu hakutumia jina lingine. Na ni kweli kwamba asili yake ni Amerika.

Kwa vipande vilivyokwisha kukauka darini, kazi ilichukua miezi miwili. Jumapili ya kuwekwa wakfu, Longor alisafiri hadi Lodwar akaketi benchi la nyuma. Byamungu, aliyekuwa amepata kibali cha kutoka kambini kwa siku hiyo, aliombwa kupiga wimbo wa kwanza kwa gitaa jipya kabla ya kumkabidhi mpigaji wa kanisa.

Waliokuwapo wanakubaliana kuhusu sauti. Mwanakwaya mmoja anasema aliisikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Pasta Lokwang mwenyewe, ambaye leo hana neno zuri kwa Longor, hakatai. "Ilikuwa nzuri," anasema. "Hiyo ndiyo inaniuma. Ilikuwa nzuri sana."

Wimbo ulipoisha, alilinyanyua gitaa juu kwa mikono miwili.

"Mmesikia?" aliwauliza waumini. "Mmesikia hiyo sauti? Shingo yake ni prosopis. Mti ya Amerika! Mungu ametutolea mti kutoka Amerika mpaka Turkana!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Kwenye safu ya tatu, jirani na kwaya, alikuwa ameketi Jeptoo, afisa wa misitu aliyehamishiwa Lodwar miaka minne iliyopita. Alicheka. Anasema hakukusudia, alidhani ni utani wa mchungaji, kama ule wa kuita maji ya kisima soda.

"Prosopis ni mathenge, pasta," alisema.

Hakusema kwa nguvu, lakini maikrofoni ya kwaya ilikuwa karibu naye, na spika zikalipeleka neno hilo mpaka nje kwenye turubai.

Kisha bibi mmoja aliyekuwa mbele, ambaye Kiswahili chake si kingi, akamgeukia jirani yake. "Etirae?" aliuliza. "Etirae ndani ya kanisa?"

Neno hilo la tatu ndilo lililowafikia wote. Pasta Lokwang aliliteremsha gitaa, akaliegemeza ukutani, akajifuta viganja kwenye kanzu. Ibada ikamalizika kwa ngoma na makofi.

Siku ya pili gitaa lilirudi Kakuma likiwa limeviringishwa kwenye blanketi, ndani ya lori la Garad, mfanyabiashara wa Kisomali anayesafirisha unga na saruji kati ya miji hiyo miwili. Garad hakujua habari yote.

"Wallahi, Longor, wewe una maadui," alimwambia akishusha mzigo. "Wamesema nikurudishie makaa yako."

"Ulilipwa nauli?"

"Makaa silipishi. Gitaa ningelipisha."

Longor anaisimulia hadithi hiyo bila tabasamu. Garad alikuwa anatania, anasema. Wale waliomtuma hawakuwa wanatania.

Pasta Lokwang si mtu wa kupayuka. Anapokea wageni katika chumba kidogo nyuma ya kanisa, na kabla ya kuzungumzia gitaa anazungumzia boma la mama yake, kando ya Turkwel. Miti ya kivuli na malisho ya ukingo wa mto ilikuwa ya familia hiyo kwa vizazi, kila mti ukijulikana ni wa nani. Mathenge uliisonga yote.

"Mama yangu alikuwa na mbuzi mia moja na zaidi," anasema. "Mimi mwenyewe nilikuwa nafungua mdomo zao, natoa ganda kwa fizi na kidole. Zilikufa moja moja. Sasa huyo mtu ananifanya niinue hiyo mti juu mbele ya mama yangu, niiombee, niseme asante Mungu. Mama yangu alikuwa ameketi hapo."

Bibi aliyeuliza "Etirae?" ni mama yake.

Longor, akielezwa hayo, anajibu bila kuacha randa.

"Aliuliza mbao gani, nikajibu. Aliuliza ya wapi, nikajibu. Hakuuliza kama imeua mbuzi ya mamake. Mimi si kamusi."

Ni jibu la kweli, lakini si lote. Kakuma nzima Longor huuita mti huo mathenge. Byamungu anasema hakuwahi kumsikia akiuita prosopis kabla ya simu ile. Na mchungaji alipomwambia asimwekee mbao za hapa, Longor hakusema kitu. Nakal hana subira na suala hilo.

"Alijua," anasema kwa mkato. "Nilimwambia, Baba Ekai, mwambie huyo pasta ni mathenge, akikataa akatae mapema. Akaniambia sauti itamshawishi. Sauti! Mbuzi ikikufa inakuja kusikiliza sauti?"

Wiki tatu baada ya gitaa kurudishwa, wazee wa kanisa walimwita Longor Lodwar ili kumaliza shauri. Kanisa lilikuwa limelipa nusu ya bei na lilitaka ama fedha zake ama gitaa lisilo na mathenge. Fedha Longor hakuwa nazo. Zilikuwa zimeingia kwenye nyaya, chuma na gundi. Walikutana Nawoitorong, kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni. Longor alikwenda na gitaa, na Byamungu akafuatana naye akibeba amplifaya ndogo.

Wazee walikuwa wamelijadili gitaa kipande kwa kipande, kwa umakini ambao mafundi wachache huupata kwa wateja wao. Mwili ulikuwa mwarubaini, dawa ya homa, nao hawakuwa na ugomvi na mwarubaini. Mfupa ulikuwa wa ngamia, na ngamia ni mnyama wa heshima. Shaba ni shaba. Tatizo lilikuwa shingo peke yake. Na mmoja wao, aliyewahi kufanya kazi ya ufundi wa baiskeli, alikuwa ameona kwamba shingo hiyo imeshikwa kwenye mwili kwa skrubu nne.

"Toa hiyo," alisema. "Weka ile ya besi yetu ya zamani. Hiyo ilikufa umeme tu, shingo yake ni nzima."

Longor aliwaeleza kwamba shingo ile ya zamani si nzima. Besi hiyo ya zamani wazee walikuja nayo, naye alikuwa ameijaribu. Kwenye waya mwembamba, freti ya sita, ilikuwa na noti mfu.

"Noti moja?" aliuliza mzee mwingine.

"Moja. Na ya jirani yake inaumwa kidogo."

"Na ziko ngapi zote?"

"Kwa hiyo besi? Kama themanini hivi."

"Basi Mungu atasikia hizo zingine."

Wazee wakacheka. Longor alikubali. Asingekubali, angedaiwa nusu aliyokwisha kuila na asingepata nusu iliyobaki. Kazi aliifanya palepale juu ya meza ya kulia chakula, kwa bisibisi. Ilikwisha kabla chai iliyokuwa imemiminwa haijapoa.

Kabla skrubu ya kwanza haijafunguliwa, Byamungu alilipiga gitaa mara ya mwisho likiwa na shingo ya mathenge. Alisimama kwenye freti ya sita ya waya mwembamba, akaiacha noti ijiendee. Ilidumu hadi wahudumu wakachungulia mlangoni. Shingo ilipobadilishwa na freti kupigwa msasa, alilipiga tena. Mwili ulikuwa uleule, na pikapu, nyaya na vidole havikubadilika.

"Ilisema 'tu', ikalala," anasimulia Byamungu. "Noti ilikufa. Ilikujaka na shingo yake, kama muntu anahama nyumba na ugonjwa. Nikaangalia Longor. Longor anaangalia chai."

Kwa anayetaka kujua sauti ya gitaa la besi hukaa wapi, ni vigumu kupata jaribio la bei nafuu kuliko lile la Nawoitorong. Wazee hawakuwa na haja nalo. Walipiga makofi. Mmoja alishika shingo mpya, yaani ile ya zamani, akasema, "Sasa iko safi."

Gitaa hilo linapigwa Lodwar kila Jumapili. Mpigaji wa kanisa amejifunza kuiruka freti ya sita. Wimbo ukimlazimisha, huitafuta noti hiyo kwenye waya wa jirani ulio mzito zaidi, freti kadhaa karibu na mwili, ambako haifi lakini sauti yake ni ya kukaba. Pasta Lokwang anasema hasikii tofauti. Kuhusu magitaa ya matawi, anasema yataagizwa Nairobi, yatoke dukani yakiwa na karatasi zake.

Kwa hewa ya Turkana, magitaa hayo yataota meno kabla ya mwaka kwisha, na huenda yakaletwa kwa Longor kupigwa msasa. Kazi hiyo humpa fedha kidogo, pungufu ya gunia moja la makaa.

Jeptoo hajarudi katika kanisa lile, anasali kwingine. Ofisi kama yake zimetumia miaka kuwashawishi wakazi wautumie mti huo ili upungue: makaa, nguzo, samani, unga wa maganda kwa ajili ya mifugo. Amehudhuria semina nyingi kuhusu jambo hilo kuliko anavyoweza kukumbuka.

"Tulikuwa tunatafuta mtu mmoja tu ambaye ameufanya kuwa kitu cha kujivunia," anasema. "Akapatikana. Nikamcheka mbele ya kanisa." Anasema alimpigia Longor simu kuomba radhi, na Longor alimjibu kwa adabu, akamuuliza kama ofisi yake hununua makaa.

Longor alirudi Kakuma na shingo ya mathenge mapajani. Byamungu alitaka kuinunua kidogo kidogo na kuifungia mwili wa mbao za sanduku. Wamekubaliana hivyo, ingawa mpaka sasa hakuna aliyetoa chochote, wala shingo wala fedha.

Alfajiri Longor hufunika tanuru la makaa kwa udongo kando ya Tarach. Mchana hufunga magunia. Saa zinazobaki, karakanani, ameanza gitaa la nane. Vipande vya mathenge alivyovibana kwa vibanio vya chuma ni virefu kuliko vya kawaida, karibu urefu wa mtoto wa miaka sita. Si vya shingo pekee. Vitapita kutoka kichwani, katikati ya mwili, hadi chini kabisa pale daraja linapokaa, na mwarubaini utagundishwa pembeni kama mabawa. Ni namna ya kujenga inayojulikana kwa mafundi wa besi duniani kote, na wengi huipenda kwa sababu noti hudumu zaidi. Ina ubaya wake: mbao ndefu iliyonyooka ni adimu kwa mti kama huu, na kosa dogo huharibu gitaa zima kwa sababu hakuna kipande kinachobadilishika.

Hakuna aliyeliagiza. Nakal, akipita na gunia, anasimama kutazama gundi ikikauka.

"Hii ni ya nani?"

"Bado haina mtu."

"Na mwenyewe akija akiuliza ni mti gani?"

"Nitamwambia etirae."

"Atakataa."

"Akatae." Longor anakaza kibanio kimoja, kisha kinachofuata. "Lakini hii haina skrubu, Nakal. Wakiikataa, wataikataa nzima."